Labda za Maximilla

Kabla ya kuwa sauti ya dinosaria, Maximilla alikuwa sauti ya marehemu. Kila siku baada ya taarifa ya habari ya saa saba mchana, yeye ndiye aliyesoma matangazo ya vifo katika redio moja ndogo ya mjini Kakamega. Muda huo watu walinyamazisha watoto. Kinyozi alizima mashine, na mwenye hoteli alisimama na mwiko mkononi mpaka Maximilla amalize. Alisoma polepole, sauti imenyooka kama uzi wa mwashi: jina la marehemu, jina la babake, mahali alikozaliwa na alikoolewa, siku ya mazishi. Kisha angesema, "Habari ziwafikie," akawataja jamaa mmoja mmoja na mahali wanakoishi. Habari ziliwafikia, nao waliacha walichokuwa wakifanya wakaja kuzika mtu wao.

Hakusoma tangazo lisilo na barua ya chifu. Jina likiwa na herufi ya kutiliwa shaka, alipiga simu kwanza. Alijua kwamba ukikosea kijiji kimoja tu, watu watasimamisha turubai na kuanza kulia kwenye boma ambalo mwenyewe yuko jikoni anakula ugali wake. Katika kazi ile neno labda halikuwa na mahali pa kukaa.

Kisha Oliver, kijana aliyerithi kituo kile kutoka kwa mjomba wake, akaanzisha televisheni. Akapata filamu za kigeni za dinosaria, zile za kuelimisha, akataka zisimuliwe kwa Kiswahili. Alijaribu vijana watatu wanne waliotoka vyuoni, wote wakasikika kama wanaosomea mtihani. Siku moja alimsikia Maximilla kwenye ujia akimsimulia mfagizi habari za mbwa wa jirani. "Huyo mbwa alikuwanga na wivu," alikuwa akisema, "ukimpita bila kumsalimia alikuwanga anakuangalia tu." Oliver akasimama hapo hapo.

"Auntie Maxi," akasema, "hivyo hivyo. Nataka uniongelee dinosaria hivyo hivyo."

Ndivyo lile jitu la filamu lenye meno kama ndizi lilivyopata jina la Mzee Meno, na ndivyo kile kimkia cha *nga*, ambacho watu wa magharibi mwa Kenya hukibandika kwenye kitenzi kuonyesha mazoea, kilivyoingia katika sayansi. Mzee Meno alikulanga asubuhi na mapema. Mzee Meno alikuwanga na hasira akikosa. Ukimsikiliza Maximilla ungedhani alipakana na jitu hilo mpaka wa shamba, na kwamba waliwahi kugombana kwa sababu ya ng'ombe.

Watu walipenda, na yeye mwenyewe, kusema kweli, alipenda pia. Baada ya miaka mingi ya kufanya watu wanyamaze, ilikuwa raha kuwafanya wacheke.

Taabu ilikuwa moja. Msimulizi wa asili katika filamu zile alikuwa mtu mwangalifu. Kila baada ya sentensi mbili alisema huenda, labda, wapo wataalamu wanaodhani. Kuhusu mngurumo alisema kwamba hakuna anayejua. Kwamba sauti haiachi mfupa. Kwamba labda jitu lile halikufungua hata kinywa, labda lilivuma tu kifuani kwa sauti nzito, jinsi mamba na ndege wengine wakubwa wanavyofanya. Maximilla aliyatafsiri yote hayo. Aliziweka labda zake mahali pake, moja moja, kama mtu anayepanda maharage.

Oliver aliposikiliza, akakuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya. Alimweleza kwa heshima kwamba mtu ametoka kukata miwa tangu alfajiri, amechoka, ameketi mbele ya televisheni, halafu anapewa labda. Atahamia mieleka, na akihamia mieleka hatajua lolote la dinosaria maisha yake yote. Je, si afadhali ajue mambo kumi, mawili yakiwa na kasoro? Swali hilo Maximilla alikwenda nalo nyumbani. Hata leo hajalijibu vizuri.

Basi Isaiah, fundi wa mitambo, akapewa kazi ya kuzikata. Alimwonyesha Maximilla kwenye kioo cha kompyuta: sauti yake ilikuwa mstari wenye milima na mabonde, na kila labda ilisimama peke yake, kilima kidogo chenye tambarare huku na huku.

"Ni neno jepesi, Auntie," Isaiah alisema, akiona aibu kidogo. "Halijashikana na jirani. Ukilitoa, hakuna anayejua lilikuwepo."

Mahali pa mngurumo akaweka sauti ya fahali aliyemrekodi kwenye mapigano ya ng'ombe kule Ikolomani, akaizamisha na kuivuta mpaka madirisha yakatetemeka. Wiki ile ile mzee mmoja wa Iguhu alipiga simu kuuliza ni kwa idhini ya nani dinosaria anatumia sauti ya fahali wa marehemu kaka yake.

Walicheka sana ofisini. Lakini Maximilla alianza kuhisi kubanwa. Chumba cha kurekodia kilikuwa stoo zamani. Kuta zilifunikwa blanketi, na kitasa cha ndani kilikuwa kimeng'oka, hivyo akimaliza kusoma alingoja Isaiah aje kumfungulia. Akitoka, alijikuta ndani ya chumba kingine kikubwa zaidi, kilichokuwa mji mzima. Sokoni walimwita Mama Dino. Kanisani, aliposimama kusoma somo la kwanza, alisikia benchi la nyuma likikohoa kicheko. Alipouliza bei ya omena, wale dagaa wa ziwani, muuzaji alimwomba kwanza aseme "alikulanga".

Halafu Sellah akaja.

Alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Lugari, mkulima wa mahindi, amevaa gauni lake la kanisani siku ya kazi. Aliomba kumwona mama wa matangazo. Maximilla alimpa kiti, akangoja lawama, maana uso wa mgeni ulikuwa umechoka kwa namna aliyoijua. Sellah hakulaumu. Alieleza tu. Ndugu yake Chrispinus alifariki kule Musanda. Simu ya Sellah ilikuwa imeibwa sokoni na namba mpya haikuwa imefika nyumbani, hivyo familia ikatangaza redioni. Siku hiyo alikuwa kwake akipukuchua mahindi pamoja na majirani, redio ikiwa juu ya gunia.

"Nilikusikia," Sellah akasema. "Nilisikia ukisema Chrispinus wa Musanda. Wenzangu wakasema, huyu ni yule mama wa mijusi, leo ameleta mjusi wa Musanda. Tukacheka mpaka yaliyofuata hatukuyasikia. Mimi pia nilicheka, dada yangu. Nikaendelea na mahindi."

Maximilla alikivuta kiti chake karibu.

"Nilifika kaburi limeota majani. Sikuja kukugombeza. Nilitaka tu kukuona, nijue kama wewe ni mtu wa kuaminika ama wewe ni mtu wa hadithi."

Alipoondoka, Maximilla alikwenda moja kwa moja kwa Oliver. Alimwambia amtoe kwenye filamu, ama amrudishie labda zake. Sauti moja, alisema, haiwezi kuapa mchana na kudanganya jioni. Yule anayemsikia akisema kwa uhakika jambo asilolijua hatamwamini atakaposema analolijua, na hilo si jambo la kupoteza watazamaji, ni jambo la mtu kutozikwa na ndugu yake.

Oliver alisikiliza mpaka mwisho. Alisikitika kwa kweli. Lakini msimu ulikuwa katikati, mkataba ulikuwa na saini, na Mzee Meno bila Mama Dino angekuwa mjusi tu. Kama mzigo ulikuwa mzito, akasema, angemwondolea ule mwingine: matangazo ya vifo yangesomwa na kijana wa michezo.

Maximilla alimfahamu kijana wa michezo. Alisoma kila kitu kana kwamba mpira uko langoni. Aliwawazia wafiwa wa kaunti nzima mikononi mwake, akarudi chumbani mwa blanketi. Kuacha filamu kulikuwa kuwaacha marehemu. Kubaki nazo kulikuwa kuwaharibia jina. Alikaa hapo katikati, na mlango ulifunguka kwa nje.

Njia aliipata siku ambayo Isaiah alichungulia na kumwuliza, "Umekula?"

Badala ya kujibu, akalirudia neno. Umekula. Umekula? Neno ni lile lile, herufi ni zile zile, hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa. Sauti tu imepanda mwishoni. Mswahili hahitaji neno la kuuliza. Anainua sauti kidogo, kama mtu anayeinua ukingo wa pazia, na jambo lililokuwa limefungwa linafunguka.

Katika sehemu iliyofuata Mzee Meno alisimama kando ya mto, akapanua kinywa. Karatasi ilisema: alikuwanga ananguruma. Maximilla akaisema sentensi neno kwa neno, lakini mwisho akauinua. "Alikuwanga ananguruma?"

Isaiah alirudisha nyuma, akasikiliza tena. Alitafuta kilima cha kukata. Hapakuwa na kilima. Shaka ilikuwa imelala ndani ya kitenzi chenyewe, imeshikana nacho kama nyama na mfupa. Akamtazama Maximilla kupitia kioo, akatabasamu, akaipitisha.

Wiki kadhaa zikaenda hivyo. Alikuwanga na manyoya? Alikuwanga anawinda peke yake? Hotelini watu wakaanza kuijibu televisheni. Mmoja anasema ndiyo, mwingine anamwuliza alimwona wapi, chai inapoa. Mwalimu mmoja kijana wa Khwisero alituma ujumbe kwamba wanafunzi walikuja darasani wakibishana juu ya sauti ya mamba, na kwamba kwa mara ya kwanza ilibidi awaambie hajui. Maximilla aliusoma ujumbe ule mara nyingi. Alifikiri juu ya Sellah. Alihisi kwamba amepata dirisha, na kwamba hewa inaingia.

Oliver naye aliusikia mtindo huo, akaupenda mno. Hilo Maximilla hakulitarajia. Alikuja chumbani akisugua viganja. "Hapo umepiga ndipo, Auntie. Unawauliza, wanangoja kwa hamu, halafu sisi tunawajibu."

Akamwagiza Isaiah. Jioni ile Maximilla aliketi hotelini chini ya televisheni, sahani ya ingokho, kuku wa kienyeji, mbele yake. Alisikia sauti yake ikiuliza, "Alikuwanga ananguruma?" Kabla watu hawajafungua vinywa, fahali wa Ikolomani alilipuka kutoka pande zote za chumba. Vijiko vikarukaruka. Watu wakapiga makofi. Hakuna aliyebishana na mwingine tena, walikuwa wamejibiwa. Maximilla aliisukuma sahani kando.

Kesho yake, baada ya taarifa ya saa saba, aliketi mbele ya maikrofoni na karatasi moja. Mwalimu mstaafu wa Khwisero, Masinde, aliyeugua kwa muda mfupi. Barua ya chifu ilikuwepo. Kila herufi ilikuwa sawa. Alisoma jina, akasoma la baba, akasoma watoto na wakwe.

"Mwili utaondoka mochari Ijumaa. Mazishi yatafanyika nyumbani kwake Jumamosi?"

Nyuma ya kioo Isaiah aliinua kichwa.

Maximilla alilisikia pia, lakini lilikuwa limekwisha kutoka. Wiki zote zile alikuwa ameifundisha sauti yake kupanda, na sasa ilikuwa imepanda bila kuitwa. Akaomba radhi, akaanza upya. Alijishika kifua. Alisoma mstari ule kwa uangalifu wa mtu anayebeba maji kwa sahani, na mwishoni, pale pale, sauti ikainuka tena.

Akanyamaza. Redio nayo ikanyamaza, katika kila duka na kila jiko. Isaiah akaweka wimbo wa kwaya haraka haraka, na simu ikaanza kuita.

Mtu wa kwanza alicheka. "Mama Dino, huyo mwalimu amekufa ama unatuuliza?"

"Amekufa," Maximilla akasema, akakata. Wa pili alitaka kujua kama ni kipindi kipya. Wa tatu aliomba angurumiwe. Kila mmoja Maximilla alimjibu neno lile lile moja, akiusikiliza mwisho wake, na kila mara haukukaa sawa. Ulitetemeka kama mguu wa ngazi usiokanyaga chini. Oliver alikuwa amesimama nyuma ya kioo akionyesha saa yake kwa kidole. Watu wa filamu walikuwa tayari, Mzee Meno alikuwa akingoja.

Simu ikaita tena. Akainua.

Kwanza hapakuwa na maneno. Palikuwa na kelele za stendi, kondakta akiita abiria wa Mumias, na mtu anayepumua karibu sana na simu.

"Mimi ni binti ya Masinde," sauti ya mwanamke ikasema. "Niko safarini, nimesikia kwa redio ya gari. Mama, ulisema kama unauliza, ukarudia." Kondakta akaita tena. "Baba amekufa?"

Lilikuwa swali, swali la kweli, sauti yake ikipanda mwishoni na kukaa huko juu bila kujua pa kushukia. Maximilla alifumba macho. Hakumfikiria Oliver wala mkataba. Alitafuta ndani yake mahali pa chini kabisa, pale alipokuwa akisimama zamani, akakanyaga.

"Amekufa, mama," akasema.

Ikatoka imenyooka. Upande wa pili mwanamke akaanza kulia, na Oliver akagonga kioo, kisha akagonga tena. Maximilla hakuiweka simu chini.