Profesa wa Migongo

Chuoni walimwita Profesa wa Migongo, na waliomwita hivyo walidhani wanamkomesha. Thubutu! Mwanamke yule aking'ang'ania jambo, kupe ana nafuu. Miaka kumi na moja aliketi dawati la nyuma katika shule za msingi, saa ya kupimia mbio mkononi, akihesabu dakika ambazo mwalimu anaongea huku ameligeuzia darasa mgongo. Mtoto asiyesikia anasoma midomo. Ukimpa mgongo, umemfungia mlango.

Safari hii alikuwa binti asiyesikia wa darasa la nne, na mwalimu mkuu alikwisha kumchoka.

"Profesa, mtihani wa mwisho wa muhula akipata chini ya nusu, anahama. Wasiosikia wana shule yao huko mbali."

"Atapata."

"Na asipopata?"

"Nimesema atapata, mwalimu."

Mwalimu wa darasa alikuwa mtu mzima, mcheshi, mwenye sharubu nene kama ufagio. Alifundishika. Baada ya wiki mbili aliacha kabisa kuongea na ubao. Profesa akafurahi. Likaja jaribio: binti akapata tano kwa hamsini.

Siku hiyo Profesa aliipitia upya karatasi ya majibu. Mtoto si mjinga. Nyumbani hupiga soga na mama yake mpaka mama anamwomba apumzike. Sasa kwa mwalimu kuna nini? Na wiki zimebaki tatu.

Asubuhi akamwomba binti wabadilishane viti. Akajiziba masikio kwa pamba, magoti yakigonga dawati, akamkazia macho mwalimu. Mwalimu alilitazama darasa muda wote, kama alivyoelekezwa. Profesa hakuambulia neno hata moja. Aliona sharubu tu, zikipanda na kushuka.

Miaka kumi na moja! Nyani haoni kundule. Bingwa wa kuhesabu makosa ya wenzake hakuwahi hata siku moja kukaa kwenye kiti cha mtoto.

Wakati wa mapumziko akamfuata mwalimu ofisini.

"Mwalimu wangu, nyoa sharubu."

Walimu wenzake waliangua kicheko.

"Mama, hizi mke wangu amezikuta!"

"Basi atashuhudia zikiondoka."

"Mtoto avumilie kidogo."

"Amevumilia tangu mwaka uanze. Wewe vumilia wembe dakika tano."

Mwalimu akanuna. Profesa akatoa pamba mkobani. "Haya, jizibe masikio. Mimi najifunika mdomo kwa kitambaa, nakufundisha hesabu za sehemu. Ukielewa, baki nazo."

Hawakumaliza hata hesabu ya kwanza.

Kesho yake mwalimu aliingia darasani uso mtupu usio na nywele, kama kiazi kilichomenywa. Watoto wakapigwa na butwaa.

"Sharubu nimemwazima paka," akasema. "Anakwenda kuposa."

Darasa likalipuka, na binti akacheka nao papo hapo, bila kumtazama jirani kwanza. Profesa aliona. Aliisahau hata saa yake.

Wiki tatu zile walifundisha kufa na kupona. Mtihani ukaja: ishirini na saba kwa hamsini. Mwalimu mkuu alizijumlisha alama mara mbili, akatia sahihi kwamba mtoto abaki.

Binti akamfuata mwalimu wake mlangoni. "Mwalimu, kumbe utani wako wenyewe ndio huu?" akamwambia kwa sauti yake nzito. "Mwaka mzima nilidhani wenzangu wanacheka kitu cha maana."