Nani Amewasha Taa ya Mama

Mama aliteleza nyuma ya nyumba, juu ya maji ya sabuni aliyoyamwaga mwenyewe akifua, akakaa chini asubuhi nzima na kifundo cha mguu kilichovimba, mpaka jirani alipokuja kuomba chumvi. Mguu ulipona. Aliyekataa kupona ni yaya, maana ndivyo sisi tunavyomwita ndugu mkubwa, awe mwanamume au mwanamke. Huyu wangu ni mwanamume na anakaa Lubumbashi. Siku hiyohiyo alipiga simu akasema mama hawezi tena kuishi peke yake Likasi, anakuja kumchukua. Mama akasema hatoki Panda, mtaa wake. Nyumba ile aliingia akiwa bibi harusi, baba akifanya kazi kiwandani. Kaburi la baba liko hapa, kwaya yake iko hapa, na huko Lubumbashi hajui hata pa kununua sombe nzuri, yale majani ya muhogo.

Walivutana kwenye simu juma zima na mimi katikati, kwa sababu mimi ndiye ninayekaa Likasi, kule Kikula, na cherehani yangu na wateja wasiojua kusubiri. Mwishowe yaya akaja na prizi.

Ilikuwa prizi ndogo nyeupe. Unaichomeka ukutani, kisha taa unaichomeka ndani yake. Yaya ni fundi wa mitambo mgodini, na aliieleza kwa sauti ya padri anayebariki gari jipya. Prizi hii inapima umeme unaopita. Mama akibonyeza kitufe cha taa ya kitandani kwa kidole chake, prizi inasikia umeme umeanza kupita, nayo inapeleka habari kwa intaneti mpaka kwenye simu ya yaya. Kwa hiyo kila alfajiri mama akiamka kusali, yaya atajua yuko mzima. Wakapatana, mimi nikiwa shahidi: mwezi mmoja taa ikiwashwa kila alfajiri yenye umeme, mama anabaki kwake. Ikikosa, anafunga mizigo.

Siku za kwanza yaya alikuwa na furaha ya kuchosha. Kila asubuhi ananiandikia: mama ameamka. Mimi namjibu asante, nilikuwa sijui kwamba binadamu huamka.

Kisha siku moja nikakutana na mama kwenye kituo cha magari, anashuka na kikapu cha samaki wakavu. Alikuwa anatoka Tshangalele, kwenye kilio cha mwenzake wa kwaya, na alikuwa amelala huko siku tatu. Na asubuhi ileile yaya alikuwa ameniandikia kwamba mama ameamka vizuri, tena mapema. Nikamuuliza mama ni nani anayewasha taa yake. Akanitazama akinihurumia, akasema ni umeme.

Mtu wa Likasi hahitaji kuelezwa zaidi, ila yaya ilibidi aelezwe. Umeme ukikatika, sisi hatuzimi taa. Tunaacha kitufe kimewashwa, ili umeme ukirudi taa ituambie, tukimbilie kuchaji simu na kupiga pasi kabla haujakwenda tena. Mama alipofunga mlango kwenda kilioni hapakuwa na umeme, akaiacha taa yake hivyohivyo. Mtaa wake siku hizo ulikuwa unapewa umeme alfajiri na kunyimwa mchana. Basi kila alfajiri umeme ulirudi, taa ikawaka, na prizi ikatoa ushahidi kwamba mama ameinuka kusali. Yaya ana paneli za jua juu ya paa lake, alikuwa ameshasahau jinsi watu wanavyoishi. Nilimpigia nikamwambia kwamba siku tatu amekuwa akimshukuru Mungu kwa afya ya waya.

Alinuna, halafu akafanya kazi. Nitasema ukweli, kichwa anacho. Akaipa simu yake sheria mpya: prizi ikiamka na kukuta taa tayari inakula umeme, huo ni umeme uliorudi, usihesabiwe. Lakini prizi ikiwa macho, taa imezimika, ndipo taa ikawaka, huo ni mkono wa mtu. Kwa hiyo sasa mama alitakiwa kuizima taa kwanza, kisha kuiwasha tena, ili aonekane. Mama akasema hata sakramenti hazina masharti hayo, lakini akakubali.

Haukupita muda, asubuhi moja yaya akanipigia akikaribia kulia. Taa ya mama inawaka na kuzimika, inawaka na kuzimika, haikomi. Mama ameshikwa na kifafa, mama ameangukia kitufe, kimbia! Nikaliacha shati la mteja na mkono mmoja, nikapanda pikipiki na pini bado ziko mdomoni. Njia nzima nilikuwa namwomba Mungu asimchukue mama nami nimewakasirikia wote wawili.

Nilimkuta amekaa kitandani, miguu juu ya kigoda. Mkono mmoja unabonyeza kitufe, mwingine umeshika rozari asipoteze hesabu. Alitaka kwenda Kakontwe kumsaidia mpwa wake aliyejifungua, akae huko siku kadhaa.

"Nimetia ya juma muzima," akaniambia.

Alikuwa ametanguliza taa zake, vile watu wanavyotia unite za kupigia kwenye simu kabla ya safari. Aka! Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Yaya hakucheka. Alisema mtu anayejaribu kuilipa prizi mapema akili yake imeanza kuondoka, na patano limevunjika. Jumamosi akaja na pikapu ya kukodi.

Mama alimpikia bukari, ugali wetu, na samaki, akamwacha ale. Mimi sikumwacha. Nilimwambia pikapu yake itarudi tupu, naye akaniambia sina uchungu na mzazi, na tukagombana juu ya sahani, watu wazima wenye mvi. Kisha nikamwona mama akizitazama kuta za sebule, moja baada ya nyingine, anavyotazama mtu anayeaga. Niliogopa kweli, kwa sababu alionekana kuchoka kubishana.

"Nitakwenda," akasema. "Lakini kwanza tia prizi kwa taa yako ya kulala. Minye pia niko na haki ya kujua kama mutoto wangu analamuka muzuri. Mwezi mmoja, sawa na yangu."

Yaya alicheka, lakini atamkatalia vipi mama, na mkono wake mwenyewe umejaa bukari ya mama? Akamwekea mama kila kitu kwenye simu yake, akarudi Lubumbashi na pikapu tupu, na kwake akachomeka prizi nyingine.

Kwa yaya umeme haukatiki. Kila taa iliyowaka kule ilikuwa mkono wake, hakuna wa kumsingizia. Mwanzoni mama alifanya mchezo. Alimpigia kumwuliza mbona jogoo wa Likasi wote wameshawika na yeye bado yuko gizani, nami nilifurahi sana. Juma la pili akaacha mchezo. Taa ya yaya ilikuwa inawashwa usiku wa manane, inazimwa, inawashwa tena, mpaka kunakucha, na kesho yake hivyohivyo.

Nilikuwa namshonea mama pindo la kikwembe mchana mmoja alipompigia yaya. Simu yake hupiga kelele nyumba nzima, hajui kuishusha.

"Baba," akamwambia, "mu nyumba yako uko na nani?"

Yaya akasema yuko peke yake. Mkewe alirudi kwa wazazi wake Kolwezi tangu kiangazi, na watoto. Hakumwambia mtu, alikuwa anaona haya. Chumba alichomwandalia mama ameshakipaka rangi mara mbili, kwa kukosa la kufanya jioni. Matusi yangu yote niliyokuwa nimemwekea yakaniisha. Nilimhurumia mpaka nikakasirika upya.

"Kumbe ni weye ulikuwa unatafuta mama," mama akasema. "Si ungesema tu? Kuja."

Akaomba likizo, akaja na begi moja. Habari ya kuhama haikutajwa tena. Asubuhi ya kwanza nilifika pale jua limeshapanda, nikaanza kufungua madirisha kwa fujo, kama kawaida yangu. Mama akanishika mkono. Yaya ana miaka hamsini na ndevu nyeupe, na mkoromo wake ulifika mpaka sebuleni.

"Tembea polepole," mama akaninong'oneza. "Mutoto analala."