Boko Boko Iliyokuwa Ipande Ndege

Tarehe tisa ya Mfungo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, mwaka niliokuwa darasa la nne, mama yangu, Riziki, alifariki dunia. Nilikuwa na miaka kumi. Siku nane kabla yake lilitokea jambo kwenye uwanja wa ndege. Watu wa Kengeja, kijijini kwetu Pemba, walilicheka, kisha wakaacha kulicheka, na mimi sijapata kulisimulia mpaka leo.

Nalisimulia kwa sababu ya harufu. Mwezi uliopita nilikwenda harusini Wawi, nikawa jikoni na wanawake wenzangu tukipakua. Mmoja akafunua sufuria ya boko boko. Mvuke wa ngano, nyama na samli ukanipiga usoni, na upawa ukaniponyoka. Nikatoka nje, nikakaa penye viatu. Wakanifuata na maji ya kunywa, wakidhani ni joto. Nikawaambia ndiyo, ni joto. Ulikuwa uongo, na usiku ule sikuwa na raha.

Mama alikuwa mpishi wa shughuli. Boko boko yake aliipiga kwa mwiko mpaka ngano na nyama havijuani, ikawa nzito, akaifunika juu kwa samli. Ikishafungwa kwa kanga na blanketi, hukaa na moto wake nusu ya siku. Alikuwa na sheria moja tu kwangu: nikivunja kitu nitasamehewa, nikisema sikukivunja sitasamehewa. Baba alikwisha kufariki, na aliyekuwa akituangalia ni mjomba Shaame, kaka yake mama.

Mjomba alikuwa mtu wa vituko. Aliwahi kwenda kwa baiskeli kutoka Kengeja mpaka Konde na jogoo amekaa juu ya usukani, safari nzima akijirekodi kwa simu na kuirusha mtandaoni. Watu walimpenda kwa hayo. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa siku alipomkalisha mama uani, akaisimamisha simu juu ya kinu, akaanza kusema.

"Assalamu alaykum. Mie Shaame wa Kengeja. Naiomba kampuni ya ndege mbele ya watu wote. Nipeni viti viwili, kimoja changu, kimoja cha dada yangu mpishi, na sufuria yetu tuipakate. Boko boko iliyoepuliwa alfajiri Kengeja iliwe adhuhuri Dar es Salaam, bado ya moto. Ikipoa, ninyoeni nusu kichwa!"

Mzee Faki, jirani yetu, akachungulia juu ya ua. "Yakhe Shaame, kwani huko Dar hawana ngano?"

"Ngano wanayo, Mzee. Mikono ya Riziki hawana."

"Basi wapelekee mikono, sufuria niachie mie."

Mama akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikakataa kukatika, na mjomba akaizima simu. Alipomaliza kumpa maji alimwingiza ndani, akarekodi tena peke yake.

Mimi niliyaamini yote kama yalivyosemwa. Nilijua mama anaumwa, maana miguu yake ilikuwa imevimba hata ukiibonyeza shimo linabaki, na alikuwa halali ila kwa kukaa, mgongo kauegemeza kwenye mito. Nilijua daktari kasema ni moyo, na kwamba mabingwa wako Dar. Boti aliijaribu, bandarini Mkoani. Alipanda ngazi nusu, pumzi zikamwisha, wakamshusha. Na ndege haimchukui mgonjwa wa namna ile bila ya karatasi ya daktari, na daktari alikataa kuiandika mpaka maji yapungue miguuni. Hayo yote niliyasikia, moja moja, siku mbalimbali. Sikuyaunganisha na ile sufuria. Nilidhani sufuria ni mambo ya sufuria.

Kampuni ilijibu baada ya siku nne, nayo hadharani, kwa maneno ya furaha. Viti viwili tumepewa. Sufuria imeruhusiwa. Waliandika kwamba wao wenyewe watashika saa. Kengeja nzima ilikuja kutupa mkono wa pongezi.

Mama aliipika akiwa amekaa juu ya kiti, mjomba akimshikia mwiko anapochoka. Alivaa buibui pana lililomfika chini kabisa, na chini yake ndara za kiume, kwa sababu viatu vyake havikumwingia. Garini, nami nikiwasindikiza mpaka uwanjani, mjomba akanigeukia.

"Ukiulizwa, mama yako ni mpishi. Hilo kweli au si kweli?"

"Kweli."

"Basi ishia hapo hapo."

Uwanjani wafanyakazi walitupokea kama maharusi. Kulikuwa na mmoja aliyetaka kupigwa picha ameikumbatia sufuria, na mwengine aliyegusa blanketi akasema, "Wallahi inaunguza!" Mjomba akatania kila mtu. Mama alikaa kwenye benchi. Kutoka garini mpaka pale ilikuwa hatua chache, lakini mabega yake yalikuwa yakipanda na kushuka kama ya mtu aliyekimbia.

Dada mmoja wa kampuni, kijana, mwenye sauti ya upole, akamtazama kwa muda. "Bi, umechoka?"

"Mpishi huyo kaamka mapema," mjomba akajibu upesi.

Dada yule akaniinamia mimi. Nakumbuka harufu ya udi kwenye mtandio wake. "Mama mzima huyu?"

Nilimtazama mama. Kutikisa kichwa tu kungetosha. Kunikazia macho kungetosha, maana alinilea kwa macho. Alinitazama, kisha akainamisha uso wake akaiangalia sufuria.

"Si mzima," nikasema. "Anaumwa na moyo. Miguu imejaa maji. Daktari hataki kumwandikia."

Watu waliokuwa wakitupiga picha wakashusha simu. Dada yule akamwita mkubwa wake. Wakaongea na mjomba kwa heshima, sitaki kuwasingizia. Walisema mgonjwa akizidiwa angani hawana la kumsaidia. Walisema mjomba na sufuria yake wanaweza kwenda.

Hapo mjomba akaomba mara ya pili. Alishika mikono yao mmoja mmoja, akilia, mbele ya abiria wote. "Nichukulieni dada yangu. Sufuria itupeni. Mie niacheni. Nichukulieni yeye tu." Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo bila ya mzaha ndani yake. Safari hii hakuna aliyerekodi.

Ndege iliondoka. Tuliiangalia kupitia waya wa uzio mpaka haikusikika tena.

Nilipokuwa mkubwa niliwauliza madaktari wawili. Mmoja alisema huenda angefia njiani. Mwengine alisema huenda angewahi, akapona. Kwa hiyo sijui. Ninalolijua ni hili moja, na lilinichukua miaka kulijua: mama aliitaka sana safari ile, mwiko aliushika kwa ajili yake akiwa hawezi kusimama, na pale kwenye benchi alikuwa na nafasi ya kuniomba uongo mmoja mdogo. Hakuniomba.

Njia nzima ya kurudi mjomba alinipa kisogo. Tulifika Kengeja adhana ya adhuhuri inaadhiniwa. Mzee Faki alikuwa amekaa barazani kwetu akingojea habari; alipotuona tunashuka na sufuria akainuka, akamshika mama mkono mpaka kwenye mkeka.

"Lete bakuli," mama akaniambia.

Nikaleta. Akafungua blanketi, akafungua kanga, akafunua kifuniko. Mvuke ukapanda mpaka usoni kwake.

"Shaame," akasema, akivuta pumzi baina ya maneno, "bado ya moto. Nywele zako zimepona."

Mjomba aligeukia ukutani. Mama akateka pale juu kwenye samli nyingi, akajaza bakuli la kwanza. Mzee Faki alikuwepo, na mjomba alikuwepo, na katika nyumba yetu mtoto hakuwahi kupakuliwa kabla ya wakubwa. Akanipa mimi.

"Kula," akasema.

Nikala, naye akinitazama, mpaka bakuli likaisha.