Msumari Mtupu

Miaka ya Ujamaa nilipanga chumba mjini Moshi, nyumbani kwa mama mmoja Kalasinga. Kila alfajiri alioga, akajifunika kichwa, akawasha udi mbele ya picha ya guru wao, akasali. Mimi, Mlutheri wa Uru, nilikereka: kuabudu picha huku!

Siku moja kamba ya picha ilikatika, kioo kikavunjika, picha ikapelekwa kwa fundi. Kesho yake nilichungulia nione atasali vipi. Alisimama palepale, udi ukifuka, akiutazama msumari mtupu kwa utulivu uleule.

Nilimpa shikamoo, nikamuuliza.

“Picha inanituliza macho tu, mwanangu,” alisema. “Mungu hana sura.”

Nilirudi chumbani, nikautazama msalaba wangu ukutani. Nilitaka kuushusha, nijaribu kusali bila huo. Sikuthubutu.