Glasi ya Baba Isiyoisha

Mwanangu, keti nikueleze, maana umeniuliza kama mvinyo kidogo ni dawa ya moyo. Ujanani nami nilijiuliza hivyo, ila sikwenda kwa mtu anayejua.

Nilikuwa mwalimu Mbale, Uganda, nikiishi mtaa wa Nkoma. Baba, askari mstaafu, alikuwa Masese, kule Jinja, akimeza vidonge vya presha. Siku moja nikasoma gazetini kwamba glasi moja ya mvinyo mwekundu kwa siku huufaa moyo. Nikampelekea chupa sita. "Glasi moja tu, Baba," nikamwambia.

Sasa, sisi tumelelewa na pombe ya chungu. Watu hukaa mchana kutwa na mirija yao mirefu, chungu kikipungua kinaongezwa maji ya moto, na jioni bado wanasema wamekunywa chungu kimoja. Hilo nililijua, lakini sikulifikiria. Niliporudi baada ya siku chache, chupa zote zilikuwa tupu na Baba anahema mlangoni, mkono kifuani.

"Umekunywa ngapi?"

"Moja kwa siku, kama ulivyoamuru, mwalimu. Ikifika nusu naijaza. Haijawahi kuisha."

Hospitalini daktari alimpaka mafuta kifuani, akapitisha kifaa, na moyo wa baba yangu ukatokea kwenye skrini. Mwanangu, sijui nikuelezeje. Kitu cha ukubwa wa ngumi, kinajikunja na kujikunjua, na ndani yake vilango vyembamba vinapepea, vinafunga, vinafungua. Ulianza kazi hiyo kabla hajazaliwa. Haukusimama vitani, haukusimama usingizini. Na mimi nilikuwa nimeuchezea kwa kipande cha gazeti. Machozi yalinitoka.

"Huyu hapewi likizo?" Baba akanong'ona, akiutazama moyo wake kwenye skrini.

"Hapewi, afande," daktari akajibu. "Nawe unamtwika mzigo."

Kisha akatufafanulia taratibu. Ni kweli wapo wanywaji wa kiasi wenye mioyo mizuri, lakini wengi wao hula vizuri na kutembea sana, hivyo si rahisi kujua sifa ni ya nini. Madhara ndiyo hayana shaka: pombe hupandisha presha, huchosha ini, huongeza hatari ya saratani, na hugombana na dawa. Asiyekunywa hana sababu ya kuanza kwa ajili ya afya.

Baba alilazwa siku nne, akapona.

Basi, mwanangu, huna haja ya kumcheka anayekunywa, wala kumwogopa. Ukiamua kunywa, kunywa kwa sababu umependa, kidogo, na usiongeze kabla glasi haijaisha. Usiite mvinyo dawa. Mungu aulinde moyo wako, uone wajukuu wako wakicheza.

Na kesho, kabla ya kumpelekea mama yako ile chupa ya mvinyo uliyomnunulia, chukua vidonge vyake vyote, nenda navyo kwa daktari wake, umuulize.