Darubini Niliyomchagulia Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alikuwa mwindaji wa leseni kule Lusewa. Nguruwe pori wakiingia kwenye mahindi ya mtu, aliitwa yeye. Macho yake yalipoanza kufifia aliuza tumbaku, akanituma Songea mjini nimnunulie darubini ya kufunga juu ya bunduki, kwa kuwa mimi nilikuwa karani na nilijua kusoma maandishi ya kwenye maboksi.

"Kachukue ndogo, mwanangu," aliniambia. "Ile inayoanzia moja. Nguruwe wangu wako hapa hapa, hawako Msumbiji."

Ilikuwa miaka ya ruksa, bidhaa za nje ziliporuhusiwa, na maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yakajaa kila kitu. Mfanyabiashara mmoja alikuwa na darubini mbili kabatini, zilizoachwa na wawindaji wa kigeni. Nikatoka nazo barazani nikazielekeza Matogoro. Kwa ile ndogo, ya kukuza mara moja hadi nne, mlima ulibaki mlima. Kwa ile kubwa, ambayo hata ukiipunguza hadi mwisho bado inakuza mara sita, niliona mti mmoja mmoja, mpaka tawi lililokauka. Wapita njia wakapanga foleni kuchungulia, nami nikavimba kichwa. Mzee wa shamba atajua nini habari za vioo? Nikanunua kubwa.

Aliigeuzageuza mkononi. "Mbona kubwa?"

"Ndogo zimekwisha, baba," nikamjibu, nikimtazama usoni. Mpaka leo nikikumbuka uso ule natamani ardhi ipasuke.

Msimu wa mahindi kukomaa, mjane mmoja jirani alikuja mbio asubuhi na mapema. Tulipofika tuliwakuta nguruwe hatua ishirini hivi, wanaangusha mahindi yake bila haraka. Mzee akainua bunduki. Akakaa hivyo muda mrefu, akahamisha kulia, akahamisha kushoto.

"Naona manyoya tu," alinong'ona. "Sijui ni bega, sijui ni mbwa wa watu."

Hakuwahi kupiga kitu asichokiona chote. Akashusha bunduki. Kelele zetu hazikuwatisha; nguruwe wakala mpaka wakashiba, wakaondoka, na shamba la yule mama likabaki limelala chini. Lilikuwa chakula chake cha mwaka mzima.

Watu walijaa. Mmoja akasema waziwazi kwamba mzee amekwisha, bunduki ikabidhiwe mtu mwingine. Mwingine akauliza ni nani aliyemchagulia mtambo wa kutazamia mbinguni. Nilijua ndogo ilikuwa bado imekaa kabatini Songea.

Kwetu mkwe hasutwi mbele za watu, hata akikuchomea nyumba. Nilidhani mzee angenyamaza tu. Hakunyamaza.

"Ni ubishi wangu," alisema. "Huyu mkwe alinishauri nichukue ndogo. Mimi nikang'ang'ania kubwa."

Wakanigeukia wote, wakatikisa vichwa kwa heshima. Yule mjane, ambaye hakuwa na hata gunzi la kuchoma, alinishika mkono akasema laiti mzee angenisikiliza.

Nilikuwa na mdomo wa kusema ukweli. Nikaitikia, "Ndiyo, mama."

Mzee alikuwa amesimama karibu yangu, akaisikia ndiyo ile.