Mkandaji wa Lipangalala na Mguu Asioruhusiwa Kuugusa

Jua la saa nne limekwisha kuwa kali. Mzee Pantaleo amelala kifudifudi mkekani, uani kwa Balbina, mtaani Lipangalala. Amekuwa akivuna mpunga huko Katindiuka na sasa mgongo haunyooki. Balbina anamimina mafuta ya ufuta kiganjani, kisha vidole gumba vyake vinashuka kando ya uti wa mgongo.

"Hapa, baba?"

"Hapo hapo! Taratibu, mama, utaniua!" analia mzee mzima na mvi zake.

Balbina ni mkandaji. Kazi alifundishwa na bibi yake, kule Mahenge. Msimu huu wa mavuno ua wake haukauki watu. Mwenye uwezo humwachia kibaba cha mchele, asiye nacho humwachia asante.

Lakini mchana mikono hiyo hiyo huingia hospitali ya misheni ikakosa kazi. Huko amelazwa bintiye, Tekla, mwenye miaka kumi na mmoja, na daktari amemkataza mama huyu kuukanda mguu wa kushoto wa mwanawe.

Ajabu ni kwamba ugonjwa wa Tekla ulianzia tumboni. Kwa mwaka mzima amekuwa akihara damu. Alipewa dawa ya minyoo, akapewa na ya amiba, wapi! Akakonda mpaka gauni la komunio likampwaya. Kisha, wiki mbili zilizopita, mguu ukavimba kuanzia pajani, ukawa wa moto.

Balbina akafanya ambalo mkandaji yeyote angelifanya. Akachemsha maji, akachukua mafuta, akakanda.

"Alipiga ukelele ambao sijausikia kwa mgonjwa yeyote," anasema. "Nikasema hapana, hili si la mikono. Nikambeba mgongoni."

Daktari, sista wa makamo asemaye Kiswahili cha polepole, alimweleza bila kuficha. "Damu imeganda ndani ya mshipa, Mama Tekla. Ukikanda, donge laweza kuchomoka likaenda mapafuni. Mtoto atakufia mikononi."

Balbina aliitikia, lakini mpaka leo halijamwingia.

"Damu inamtoka kila siku, halafu naambiwa imeganda! Itoke na igande, yote mawili? Na tumbo limejuana wapi na mguu?"

Mwandishi wa habari hizi alimpelekea daktari swali hilo hilo. Akajibiwa kwamba vidonda vya utumbo vikikaa sana, damu huwa rahisi kuganda na mishipa nayo huweza kuumwa, hata kwa mtoto. Mwandishi akauliza tena: kwa nini huyu na si yule?

"Sijui," alisema sista.

Mwandishi aliandika, akasoma alichoandika, na hakutoka na mwanga zaidi ya ule wa Balbina.

Anayemtia Balbina kishawishi cha kukanda ni wifi yake, Yosefina, aletaye uji kila siku.

"Mganga hajigangi, sawa," Yosefina anasema, kitandani pa mgonjwa, bila haya. "Lakini wifi, wazee wa watu unawakanda, wa kwako unamtazama tu? Sista atakuwapo siku zote?"

"Nilishamkanda mara moja, wifi. Ukelele ule bado ninao masikioni."

"Basi umekosea mshipa."

Balbina anakiri kwamba anaogopa kukanda, na anaogopa vilevile kwamba huenda Yosefina amesema kweli. Alichoweza ni kushona mto wa sufi, maana sista alitaka mguu uinuliwe. Jana uvimbe ulipungua kidogo. Sista alisema wasifurahi mapema.

Tekla akipona, Balbina anataka kumrithisha bintiye kazi hii. "Ila nitaanza na mguu usiokandwa," anasema. "Bibi hakunifundisha huo."

Yosefina anapotoka kuosha bakuli, Tekla anafumbua macho.

"Mama, nikande. Kidogo tu."

Balbina anautazama mguu ule juu ya mto. Vidole gumba vyake vinacheza vyenyewe, kisha anavifumbata. Anaushika mkono wa mwanawe, anaanza kuukanda kiganjani, polepole.

"Siyo mkono, mama. Mguu."

"Najua, mwanangu," anasema, machozi yakimtoka. "Najua."

Na anaendelea kukanda mkono.